Kiashiria Kinapotoa Namba Isiyoeleweka: Utatuzi wa Matatizo kwa Wanaojaribu Programu za Chati

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale waliokubali kupokea toleo la majaribio la programu ya chati na biashara ya masoko, hasa programu inayomruhusu mtumiaji kuandika viashiria vyake mwenyewe, yaani hesabu zinazotokana na bei na kuchorwa kwenye chati, na ambao baada ya siku mbili tatu wamekutana na jambo wasiloweza kulieleza. Umetokana na kazi ya kikundi chetu kidogo cha Mtwara mjini, kinachokutana kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la vifaa vya kompyuta Chikongola, pamoja na wenzetu wawili wa Lindi wanaofuatilia kwa simu. Programu tunayoijaribu sitaitaja, kwa sababu bado haijatolewa rasmi, na kwa sababu mengi nitakayoyaeleza yanaweza kukuta programu yoyote ya aina hiyo.

Taarifa zetu za mwanzo kwa watengenezaji zilikuwa na kasoro moja kubwa: karibu kila mmoja wetu aliandika kwamba fomula ni mbovu. Fomula ndicho kitu cha mwisho kinachostahili kushukiwa. Kiashiria hakioni soko. Kinaona mishumaa, yaani alama zinazobeba bei ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia ya kila kipindi, iliyopangwa mbele yake, na mishumaa hiyo hutegemea faili lilisomwaje, siku ilikatwa saa ngapi, na kama kuna dakika zilizopotea mtandao ulipoyumba. Kwa hiyo utaratibu wetu siku hizi ni kukagua kwanza mishumaa, kisha saa, kisha hesabu, na mwisho kabisa mchoro. Kazi yote hufanywa kwenye akaunti ya majaribio, huku kitufe cha kuruhusu programu iweke oda yenyewe kikiwa kimezimwa.

Faili la ngazi

Anayejaribu kiashiria kwa bei halisi za soko hujitwisha mizigo miwili kwa mpigo, kwa sababu hajui jibu sahihi ni lipi, na hajui kama alichoonyeshwa ndicho. Ndiyo maana mgeni wetu hufundishwa kwanza kutengeneza faili la bei za kubuni ambalo jibu lake linajulikana kabla ya kompyuta kuwashwa. Tunaliita faili la ngazi. Lina mishumaa 500 ya siku; wa kwanza unafungwa kwa 1001, wa pili kwa 1002, na kila unaofuata unapanda 1 bila kushuka hata mara moja.

Kwenye ngazi hiyo, wastani sahili wa mishumaa 5 lazima uwe chini ya bei ya mwisho kwa 2 kamili, kwa kuwa wastani wa namba 5 zinazofuatana ni ile ya katikati. RSI, kipimo cha nguvu ya mapando dhidi ya mashuko kinachosomwa kutoka 0 hadi 100, lazima isome 100, kwa sababu hakuna siku iliyoshuka. Jibu linalonifurahisha zaidi ni la MACD, yaani tofauti kati ya wastani mmoja mfupi wa EMA na mwingine mrefu, yenye vipimo vya kawaida vya 12, 26 na 9. Wastani wa EMA, yaani ule unaozipa uzito zaidi bei za karibuni, ukishatulia hubaki nyuma ya ngazi kwa nusu ya idadi ya vipindi vyake baada ya kutoa 1. Ule wa 12 hubaki nyuma kwa 5.5, ule wa 26 kwa 12.5, na tofauti yao ni 7. Mstari wa MACD unatakiwa kutulia kwenye 7, mstari wa ishara, ambao ni EMA yake ya vipindi 9, uufuate mpaka hapo hapo, na nguzo za histogramu, yaani pengo kati ya mistari hiyo miwili, zipungue hadi sifuri.

Ukiona mstari umetulia kwenye hasi 7, acha kutafuta kwingine: msimbo unaisoma safu ya bei kinyumenyume. Lugha hizi hazikubaliani kuhusu mshumaa namba sifuri ni upi. Katika MQL4, lugha ya programu ya chati ya MetaTrader 4, Close[0] ni mshumaa wa sasa na namba zinaongezeka kuelekea zamani, ilhali msimbo ulioandikwa kwa desturi ya Python kwa kawaida huanza na mshumaa wa zamani kuliko yote. Mtu akihamisha kiashiria kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuligeuza jambo hilo, msimbo unakompailiwa (unageuzwa kuwa lugha ya kompyuta) bila lawama yoyote, na mchoro unatoka mzuri kabisa, ila unakwenda kinyume. Ipo alama ya pili ya kuthibitisha: kipande cha mstari ambacho hakijatulia, ambacho kwa kawaida huwa mwanzoni upande wa kushoto, kitakuwa kimehamia upande wa kulia karibu na bei ya leo.

Pamoja na ngazi tunalo faili la sakafu, ambamo mishumaa yote inafunguliwa na kufungwa kwa 1000. Hilo huumbua hesabu za kugawa. RSI hugawa wastani wa mapando kwa wastani wa mashuko, na kwenye sakafu vyote viwili ni sifuri. Kiashiria cha stokastiki hugawa kwa tofauti ya bei ya juu na ya chini, nayo ni sifuri pia. Programu inaweza kuacha nafasi tupu au kuweka 50, na sisi hukubali lolote kati ya hayo mradi limeandikwa kwenye maelezo yake. Tusichokubali ni programu kufunga, au kuendelea na thamani ya NaN (isiyo namba) inayoambukiza kila hesabu inayofuata mpaka mwisho wa chati. Mtu asidhani sakafu ni mchezo wa darasani tu. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam zipo hisa ambazo bei yake hukaa bila kusogea siku nyingi mfululizo, na kiashiria kilichoandikwa kwa kuwazia dola na yuro pekee huanguka hapo hapo.

Dalili: RSI yangu haifanani na ya programu nyingine

Hili ndilo lalamiko linaloletwa mara nyingi kuliko yote, na sababu zake ni zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza ni aina ya ulainishaji, yaani jinsi wastani unavyochanganya bei mpya na za zamani. RSI ilitolewa na J. Welles Wilder mwaka 1978, naye alitumia ulainishaji wake mwenyewe ambao kwa vipindi 14 humpa mshumaa mpya uzito wa 1 kwa 14, yaani takriban 0.0714. EMA ya kawaida ya vipindi 14 humpa uzito wa 2 kwa 15, yaani 0.1333. Anayeandika kiashiria chake na kuita EMA mahali palipohitaji ulainishaji wa Wilder hupata mstari wenye wasiwasi zaidi, unaogusa mipaka ya kawaida ya 70 na 30 mara nyingi kuliko inavyostahili. Namna rahisi ya kuhakikisha ni kubadilisha vipindi vya EMA kutoka 14 kwenda 27. Mistari miwili ikikaribiana kufikia kulaliana, umekwisha kumpata mwizi, kwa sababu uzito wa 2 kwa 28 ni sawa na 1 kwa 14.

Sababu ya pili ni mahali hesabu ilipoanzia. Ulainishaji wa namna hii hausahau upesi. Baada ya mishumaa 14, thamani ya kuanzia bado ina takriban asilimia 35 ya uzito wake. Baada ya 50 imebaki kama asilimia 2.5, baada ya 100 imeshuka chini ya asilimia 0.1. Programu moja ikipakua mishumaa 60 ili kuokoa bando na nyingine ikipakua 2,000, hazitakubaliana, na hakuna iliyokosea. Kabla ya kutuma taarifa, lazimisha zote mbili zianze kwenye tarehe moja, kisha linganisha mshumaa wa 200 na kuendelea, si ule wa 20.

Njia ya kuanzia nayo hutofautiana. Chukua bei 5 tu: 10, 11, 12, 11, 13, na EMA ya vipindi 3, ambayo uzito wake ni nusu. Anayeanza kwa wastani wa bei tatu za kwanza hupata 11, kisha 11, kisha 12. Anayeanza kwa bei ya kwanza yenyewe hupata 10, 10.5, 11.25, 11.125 na hatimaye 12.0625. Hesabu hii inatosha kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na mwenzetu mmoja wa Lindi aliifanya kwa kalamu, akaipiga picha, akaiambatisha kwenye taarifa yake. Jibu la watengenezaji lilifika siku hiyo hiyo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa taarifa zetu zenye maneno mengi.

Mikanda ya Bollinger, inayochorwa juu na chini ya wastani kwa kufuata mkengeuko wa bei, ina mtego wake mdogo. John Bollinger hugawa kwa 20 anapotafuta mkengeuko sanifu wa bei 20, lakini majedwali mengi ya hesabu, yakiachwa kwenye chaguo la kawaida la sampuli, hugawa kwa 19. Mkengeuko huwa mkubwa kwa takriban asilimia 2.6, na mikanda hupanuka kwa kiasi hicho hicho. Ukiona tofauti isiyobadilika ya asilimia 2.6, usiendelee kuhangaika.

Dalili: mshumaa mdogo wa Jumamosi

Mmoja wetu aliweka chati yake kwenye saa ya Afrika Mashariki, jambo ambalo mtu yeyote wa huku angelifanya, na mwezi Novemba akaanza kuona mshumaa mwembamba wa siku ya Jumamosi ambao haukuwapo mwezi Agosti. Wastani wake wa siku 14 ukaacha kufanana na wa wengine wote, naye akaandika kwamba toleo jipya limeharibu hesabu.

Toleo jipya halikuwa na hatia. Siku ya soko la fedha za kigeni kwa desturi hukatwa saa 17:00 ya New York. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi, tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia, mwaka mzima. Wakati wa kiangazi chao, saa 17:00 ya New York ni saa sita kamili usiku kwetu, kwa hiyo siku ya soko na siku ya Mtwara zinalingana vizuri na wiki inapata mishumaa 5. Wanaporudisha saa nyuma, mwisho wa wiki yao huangukia saa saba usiku kuamkia Jumamosi, na ile saa moja iliyovuka usiku wa manane inapata mshumaa wake peke yake. Anayetumia UTC hupatwa na ndugu wa tatizo hilo, ambaye ni mshumaa wa Jumapili wenye saa mbili au tatu.

Kipimo chake ni kuhesabu mishumaa ya siku ndani ya wiki moja kamili ya Agosti na nyingine ya Desemba. Zikiwa 5 na 6, tatizo ni mkato wa siku, na suluhisho ni kuiwekea chati saa ya seva inayofuata New York, huku saa ya ukutani ikibaki ya nyumbani. Zipo pia wiki chache za hatari katikati, kwa kuwa Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Seva inayofuata kalenda ya Ulaya hupishana na New York wiki mbili au tatu kila Machi na wiki moja baada ya badiliko la Oktoba. Hitilafu inayojitokeza ndani ya wiki hizo na kutoweka yenyewe haipaswi kufungwa kama iliyotatuliwa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Niliona msalaba wa mistari miwili ambao haukustahili kuwapo, nikawaandikia watengenezaji kwamba umetokea saa 3 usiku. Nikajibiwa kwamba kumbukumbu za saa 3 usiku hazina kitu. Nikasisitiza, wakasisitiza, siku nne zikapita. Ndipo kijana anayetusaidia na seva akaniuliza:

"Shikamoo kaka. Hiyo saa tatu ya usiku ni ile ya baada ya taarifa ya habari?"

"Marahaba. Ndiyo, mapema tu, watu hawajalala."

"Basi kwao hiyo ni 21:00, na wao wamekaa wanachungulia 03:00."

Tangu hapo kila taarifa yetu ina muda wa tarakimu nne pamoja na neno UTC, na saa yetu ya Kiswahili tunaibakiza kwa ajili ya kukubaliana muda wa kukutana.

Dalili: bei zilizoingizwa kwa faili zinaruka ovyo

Hii ndiyo sehemu iliyotufaidisha sisi wa kusini kuliko yote, kwa sababu tulichagua kuijaribu programu kwa bei za mnada wa korosho na ufuta badala ya kutegemea data za broka. Programu ilidai kwamba inapokea data ya soko lolote. Tuliitwisha korosho, ikalegea magoti.

Kasoro ya kwanza ilikuwa alama ya mkato. Bei ya Serikali ya msimu wa 2018/19 ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo, na ndivyo mtu wa huku anavyoiandika. Kwenye faili ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mkato, 3,300 husomwa kuwa namba mbili, 3 na 300. Bei ya kufungulia ikawa 3, bei ya juu 300, na safu zote za kulia kwake zikasogea hatua moja. Dalili yake ni mshumaa unaogusa chini kabisa ya chati kisha bei zinazofuata zinarudi juu. Ondoa alama zote za maelfu kabla ya kuingiza faili, au weka bei ndani ya alama za kunukuu, kisha ujaribu tena. Programu ikishindwa hata kwa bei zilizonukuliwa, hiyo ni hitilafu halali ya kuripoti.

Kasoro ya pili ilikuwa tarehe. Sisi huanza na siku, Wamarekani huanza na mwezi. Faili lenye 05/11/2024 likisomwa kwa desturi yao linakuwa Mei 11. Ubaya wa kosa hili ni kwamba tarehe 13 na kuendelea hugoma waziwazi, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, lakini tarehe 1 hadi 12 hupita kimyakimya na kusambaa mwaka mzima. Kwa hiyo chati yenye mishumaa michache iliyotawanyika kwenye miezi ambayo hakuna mnada ni ushahidi tosha, kwani kwa kawaida korosho ghafi haiuzwi mnadani mwezi Mei. Andika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na tatizo linakwisha.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyofikiriwa kidogo zaidi na watengenezaji. Mnada wa vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU na TANECU hutangaza bei ya juu na bei ya chini. Hauna bei ya kufungulia wala ya kufungia. Programu ilitaka bei nne, ikakuta mbili, ikajaza sifuri mahali palipokosekana bila kumwambia mtu. Kila kiashiria kinachotumia bei ya kufungia kikawa kinakokotoa sifuri. Sisi tulijaza bei ya kufungia kwa nusu ya jumla ya hizo mbili na kuandika hivyo juu ya faili, lakini tuliripoti pia kwamba programu inapaswa kulikataa faili lenye upungufu kuliko kulikubali na kunyamaza.

Ipo pia kiangazi cha data. Msimu wa minada ya korosho huanza Oktoba na kumalizika baada ya miezi michache; katikati ya misimu hakuna bei. Chaguo la kujaza mapengo kwa bei ya mwisho, ambalo kwenye toleo letu lilikuwa limewashwa bila kuulizwa, lilitengeneza mamia ya mishumaa bapa, na ATR, kipimo cha Wilder cha upana wa mwendo wa bei, ikanyauka hadi karibu na sifuri. Mnada wa kwanza wa msimu mpya ulipofika, kiashiria kilichotegemea ATR kilipiga kelele kana kwamba dunia imepinduka. Zima ujazaji huo, na chati ipange mnada kwa mnada badala ya siku kwa siku.

Dalili: mstari umelala, au chati yote imebanwa chini

Mstari unaoanza na bei ya kwanza na kwenda mlalo mpaka mwisho, haujali bei inafanya nini, karibu kila mara ni ugawaji wa namba nzima. Katika lugha za ukoo wa C, ikiwamo MQL5 ya MetaTrader 5, 2 ikigawanywa kwa 15 inatoa 0, kwa kuwa zote mbili ni namba nzima. Uzito ukiwa sifuri, EMA haisogei. Andika 2.0 mahali pa 2.

Chati ikibanwa mpaka mishumaa yote ikawa uzi mwembamba chini ya skrini, tazama kipimo cha pembeni. Ukiona namba yenye tarakimu zaidi ya 300, au 1.797e+308, programu imechora ile thamani ambayo MQL5 huitumia kumaanisha kwamba hapa hapana kitu. Kiashiria hakijatangaza ni thamani gani ihesabiwe kuwa tupu.

Misalaba inayoonekana wazi kwa macho lakini programu haiitangazi hutokana mara nyingi na kulinganisha kwa alama ya usawa kamili. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa jozi, na 0.1 ukijumlisha 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Linganisha kwa kuruhusu tofauti ndogo kuliko hatua ndogo kabisa ya bei.

Dalili: ishara ilikuwapo jana, leo haipo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu hitilafu nyingine hukupotezea saa, na hii hukupotezea fedha. Kiashiria kinachobadili kauli yake ya jana baada ya kuona bei ya leo huonekana hodari kupita kiasi kwenye chati ya nyuma: mishale yote iko chini kabisa ya mabonde na juu kabisa ya vilele. Ukikiweka kwenye soko linalokwenda, mishale inatokea, inafutika, inahamia mbele.

Si kila kubadilika ni kosa. Mshumaa ambao haujafungwa bado unapumua, na kiashiria kinachousoma lazima kipumue nao. ZigZag, kiashiria kinachounganisha vilele na mabonde ya bei, kwa asili yake husogeza kilele cha mwisho mpaka bei ithibitishe kugeuka. Kosa ni pale thamani ya mshumaa uliokwisha kufungwa inapobadilika ilhali msimbo ulipaswa kutumia bei za nyuma tu. Chanzo chake huwa kimojawapo kati ya haya: wastani uliowekwa katikati, ambao huhitaji bei za mbele; safu inayosomwa kwa namba iliyozidi moja; au mshumaa wa muda mrefu unaosomwa ndani ya chati ya muda mfupi kabla haujafungwa. Hiki cha mwisho ndicho kinachowaingiza wengi mtegoni. Kwenye chati ya dakika 15, bei ya kufungia ya siku hujulikana tu siku ikiisha, lakini kwenye data ya zamani programu inaweza kuitoa tangu asubuhi yake, na kiashiria kikawa kinatabiri jioni kwa kuisoma.

Kipimo chetu hakihitaji ujuzi wa msimbo. Chukua faili lenye mishumaa 1,000. Nakili mishumaa 500 ya kwanza kwenye faili la pili. Endesha kiashiria kwenye mafaili yote mawili, toa thamani zake kwenye jedwali, kisha utoe safu moja kutoka kwa nyingine kwa mishumaa ile 500 inayofanana. Matokeo yote yanatakiwa yawe sifuri. Ukipata tofauti kwenye mishumaa michache ya mwisho, hesabu ni mingapi. Ikiwa ni 7, tafuta kwenye msimbo mahali palipotajwa 7, au 15 iliyogawanywa katikati. Ukipata tofauti kwenye mishumaa ya siku ya mwisho peke yake, mshukiwa ni mshumaa wa muda mrefu.

Kiashiria kinaweza kulifaulu jaribio hilo na bado kikatofautiana na chenyewe baada ya kufungwa na kufunguliwa tena. Hapo kosa ni la kuhesabu tiki badala ya mishumaa: msimbo unaongeza 1 kila bei inaposogea, na mshumaa mmoja wa dakika tano unaweza kuwa na tiki mamia. Kinachoonekana wakati wa soko ni jumla ya tiki. Kinachoonekana baada ya kupakia upya ni jumla ya mishumaa. Piga picha ya skrini saa ile ile kabla ya kufunga programu, ifungue, piga tena. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja hazihitaji maelezo marefu.

Dalili: feni inavuma na mshale wa kipanya unaburuta

Kompyuta zetu nyingi ni za mkononi za zamani, na joto la Mtwara mwezi Desemba linajulikana, kwa hiyo mwanzoni tulidhani ni hali ya hewa. Baadaye mmoja wetu alipunguza idadi ya mishumaa kutoka 50,000 hadi 1,000 na feni ikanyamaza. Kiashiria chenye dirisha la mishumaa 200 kinachokokotoa chati nzima upya kila tiki hufanya hatua milioni 10 kwa tiki moja, ilhali mshumaa uliobadilika ni mmoja. MQL5 huupa msimbo namba iitwayo prev_calculated ili ujue ulipoishia. Anayeipuuza hulipa kwa feni. Kumbukumbu ya kompyuta ikipanda polepole kutwa nzima bila kushuka, shuku michoro inayoongezwa kwa jina jipya kila tiki bila ile ya zamani kufutwa.

Dalili: pengo baada ya mtandao kurudi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia pwani ya Afrika Mashariki zilikatika, na kwa siku kadhaa intaneti ilikuja na kuondoka. Kwetu yalikuwa majaribio ambayo hakuna mtu angeweza kuyapanga. Programu iliporudi mtandaoni ilijaza mishumaa iliyokosekana vizuri, lakini viashiria vyetu havikurudi nyuma kuikokotoa. Mistari ikaruka pengo kwa daraja lililonyooka. MQL5 hukabiliana na hali hiyo kwa kuirudisha prev_calculated kwenye sifuri pale historia inapojazwa, ili msimbo uanze upya. Toleo letu halikuwa na utaratibu wowote wa namna hiyo.

Huna haja ya kungoja waya ukatike. Fungua chati ya dakika 1, zima data kwa dakika 20, iwashe. Hesabu mishumaa: 20 yote iwepo. Kisha andika thamani ya kiashiria, kitoe kwenye chati, kirudishe, na uandike thamani tena. Zikitofautiana, umepata unachokitafuta.

Taarifa inayofanyiwa kazi

Weka namba kamili ya toleo, faili dogo kabisa ambalo bado linaonyesha hitilafu, msimbo wa kiashiria, hatua ulizozifuata moja baada ya nyingine, thamani uliyoitarajia na uliyoipata, na muda kwa UTC. Faili la kumbukumbu libanwe kabla ya kutumwa, kwani lenye megabaiti 80 linaweza kumaliza bando la siku. Kiashiria ulichopewa na mtu kikiwa kimekompailiwa bila msimbo wake, usikipakie, na usiruhusu programu iite maktaba za DLL (mafaili ya msimbo wa nje) kwa ajili yake. Mtengenezaji hawezi kukagua asichokiona, na wewe hujui ndani kuna nini.

Toleo lililorekebishwa linapofika, hatufungui kwanza chati ile iliyotusumbua. Tunafungua ngazi, tunaweka MACD, na mtu mmoja anasoma namba ya pembeni kwa sauti wakati mwingine ameshika daftari. Kwenye toleo la wiki iliyopita ilisomeka 6.98, kwa sababu faili lilikuwa limekatwa mapema na mstari haujamaliza kutulia. Tukaongeza mishumaa, ikafika 7, ndipo tukahamia kwenye korosho.